Misumari ya Fundi

Nyumba ya Fundi haikuwa na mlango. Fremu ilikuwepo, bawaba zilikuwepo tena zimetiwa mafuta, ila mlango wenyewe aliung'oa siku aliyohamia, akaulaza juu ya matofali na kuufanya meza ya kuchorea. Hapo ni Namuwongo, Kampala, kati ya reli na mtaro wa Nakivubo, mahali ambapo watu hufungia kwa kufuli hata jiko la mkaa, kwa hiyo jambo hilo lilisemwa sana. Wengine walidai ana dawa. Wengine walisema hana cha kuibiwa, na hao walikuwa hawajawahi kuchungulia ndani.

Ndani kulijaa kuanzia sakafuni hadi kwenye mabati. Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho Kampala tunakiita muzigo, na humo alibakiza ujia mmoja tu wa kupita kwa ubavu mpaka kwenye godoro. Madumu ya mafuta ya kula yaliyopasuka. Mifuko ya saruji iliyokung'utwa na kukunjwa kama shuka. Mabango ya uchaguzi, sura za wagombea zimegeuziwa ukuta ili upande mweupe utumike. Viatu vya mguu mmoja. Kufuli zilizokatwa, lundo zima. Redio zilizokufa. Vizibo vya soda alikuwa amevitunga kwenye uzi wa nailoni vikawa pazia pale mlango ulipopaswa kuwa. Ukipita vinagongana, naye anajua kuna mtu.

Na makopo ya misumari. Yalikuwa makopo ya rangi, makubwa kwa madogo, yamejaa misumari iliyong'olewa: iliyopinda, yenye kutu, isiyo na kichwa. Fundi alikuwa hanunui msumari. Alikuwa pia hapigilii. Ubao wowote uliofika kwake ulisimama kwanza nje, akaung'oa misumari mmoja baada ya mwingine kwa nyundo yenye kucha, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Ukishakuwa safi ndipo unaingia. Nilimwona akimaliza alasiri nzima kwa ubao mmoja wa kreti.

Fundi ni msanii. Sijui kama yupo mchoraji wa Kampala anayemzidi kwa mkono, na nasema hivyo nikiwa nimeona kazi nyingi, kuanzia zile za wanafunzi wa Makerere hadi zile zinazotundikwa pale kwenye jumba la sanaa la Nommo, Nakasero. Watu wa mtaani walimjua kwa vibao vya maduka, maana ndivyo vilivyomlisha. Usiku alichora vitu vingine. Alichora mikono, basi. Hakuna uso, hakuna kiwiliwili. Mikono iliyokunjwa, mikono inayokata hewa, mikono miwili inayoulizana kitu. Aliichora kwenye mifuko ya saruji, na alipopata fedha aliichora kwenye nguo ya gome la mutuba, ile ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Watu wa Buganda huwafungia wafu wao humo. Yeye alijua hilo alipoichagua.

Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Ameniruhusu kuandika kwa masharti: nisitaje jina lake, nisiweke picha, na iwe kwa Kiswahili.

Hilo la Kiswahili lina historia yake, na ndilo lililotukutanisha. Mimi ni mtoto wa kambini. Nilikulia Magamaga, karibu na Jinja, baba akiwa askari. Yeye na mama hawakutoka kabila moja, kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya nyumba yetu. Sasa nakifundisha sekondari. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza asielewe maana ya kukipenda Kiswahili nchini Uganda. Kwa wazee wengi wa Kampala ni lugha waliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani, mdomoni mwa mtu mwenye bunduki. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini hadi leo nikimwamkia mzee wa Kiganda kwa Kiswahili naliona bega lake likikaza.

Mwaka 2019 nilimtafuta Fundi atuandikie kibao cha shule. Nilianza kwa Kiluganda, akanijibu kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha barabara kuu, cha Malaba na Mariakani, kina vumbi na dizeli ndani yake; alikuwa tanboi, yaani utingo, wa malori ya Mombasa kwa miaka kabla ya kushika brashi. Nilifurahi mno. Nikamuuliza, kwa kuwa kwa sura na lafudhi nilihisi anatoka magharibi, kwao wanazungumza Rukiga au Runyankore? Akanitazama muda mrefu, brashi ikidondosha rangi.

"Mwalimu," akasema, "kwa Kiswahili hakuna mtu aliwahi kuniambia nitubu."

Sikuelewa, na sikuuliza. Nilianza kumtembelea Jumamosi, nikipeleka chapati na mayai, tukinywa chai ya maziwa nje kwa sababu ndani hapakuwa na pa kukaa wawili. Miezi mingi ikapita hivyo. Mara kwa mara alimtaja kaka yake. Kaka alimfundisha kumenya matoke. Kaka alikuwa mkali. Kaka alimdanganya siku moja, na uongo ule ndio uliomwacha hai. Mimi nikawa najijengea kichwani picha ya kijana mrefu, mkubwa kwake kwa miaka mitano hivi. Siku nilipomuuliza huyo kaka yuko wapi sasa, alicheka kwa mara ya kwanza. Alikuwa akisema Kaaka. Kwa lugha ya kwao ni bibi, mama wa mzazi wake. Lilikuwa neno pekee la lugha ile alilokubali kulibeba.

Kaaka alimtoa Kanungu.

Wasomaji wa umri wangu wameshajua. Kwa wadogo, nitaeleza kwa kifupi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulizuka kusini-magharibi mwa Uganda kundi lililojiita Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Mbele alikuwa Credonia Mwerinde, mwanamke aliyewahi kuendesha baa, aliyesema Bikira Maria anamtokea. Pamoja naye alikuwa Joseph Kibwetere, Mkatoliki mwenye heshima na mali, na baadaye Dominic Kataribabo, padri msomi. Walihamia Kanungu, kwenye shamba la baba yake Mwerinde. Waumini waliuza walichonacho na kukabidhi fedha. Walivaa sare. Walifunga. Mume na mke walitenganishwa. Na walinyamaza: kwa kuwa amri inakataza kumshuhudia jirani uongo, ilionekana salama zaidi kutosema kabisa, wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono.

Walitangaza dunia itaisha tarehe 31 Desemba 1999. Haikuisha. Waliokuwa wametoa kila kitu wakaanza kuuliza. Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2000, waumini wakiwa wamekusanyika ndani ya jengo lao la ibada, moto ulilipuka. Milango na madirisha vilikuwa vimepigiliwa misumari.

Baada ya hapo polisi walianza kufukua kwenye nyumba nyingine za kundi hilo, na kila walipochimba walikuta maiti: Rugazi, Rutoma, hadi Buziga hapa hapa Kampala, chini ya sakafu. Wafungwa ndio waliotumwa kuwatoa. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu 700. Waliokufa kanisani walisukumwa na tingatinga kwenye kaburi la pamoja, wengi bila jina. Tume ya uchunguzi iliteuliwa, haikupata fedha, haikufanya kazi. Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Miaka 20 ilitimia bila mnara wa kumbukumbu pale; kilichostawi ni chai.

Kila ninapolisimulia hili kuna mtu anayeuliza walikuwaje wajinga kiasi hicho. Naomba tuache kuuliza hivyo. Baba yangu alikuwa Magamaga mwaka 1987 wakati wafuasi wa Alice Lakwena, nabii aliyeongoza waasi wa kaskazini, walipofika karibu na Jinja, wamejipaka mafuta ya mti wa shea wakiamini risasi haitawaingia. Alisema walikuja wakiimba. Katika maisha yake yote, baba hakuwahi kulicheka jambo lile, wala hakuruhusu tulicheke mezani kwake. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita baada ya vita. Kisha ukaja UKIMWI, ugonjwa tuliouita Slim, vijiji vikaanza kuzika vijana wao kila wiki. Mtu aliyezika watoto watatu anaposikia kwamba kuna mahali ambapo mambo haya yana maana na yana mwisho, anakwenda. Mama yake Fundi alikuwa amezika mume na mtoto wa kike. Alimshika mkono huyu aliyebaki, akiwa na miaka minne, wakaenda.

Ya utoto ule alinisimulia kidogo kidogo, na kila mara akiwa anafanya kitu kingine. Watoto walilala kwao, mama zao kwao. Walifanya kazi ya shamba. Mama yake alimwona kwa mbali, kwenye mistari ya viazi, na alichokuwa akikiona yeye ni mikono yake ikisema: umekula? umelala? njoo, usije. Hakumbuki sauti ya mama. Amejaribu, haipo. Anakumbuka kovu la jembe kwenye kidole gumba cha kushoto, na ukilitafuta kwenye michoro yake utalikuta. Mimi nilipita mbele ya michoro ile miaka mitatu bila kuliona.

Mwaka 1998 Kaaka alifika, amevaa nguo za msiba. Akasema babu yuko mahututi, anataka kumwona mjukuu. Wakubwa wakashauriana kwa vidole. Mtoto alikuwa amesimama pale akijua kwamba babu alishakufa siku nyingi, kabla hata hawajahamia. Alikuwa amefundishwa kwamba uongo mmoja unatosha kumtupa mtu motoni. Bibi yake alikuwa anasema uongo mchana kweupe, mbele ya watu wa Mungu.

"Nikanyamaza," alisema. "Waliyonifundisha yote, hilo ndilo lilinifaa."

Mama alibaki.

Hapo ningependa niseme tulivyokaa vizuri miaka iliyofuata, lakini ulikuja mwaka 2023. Aprili ile habari za Shakahola, kule Kilifi, zikaanza. Mnakumbuka: msitu, mahubiri ya kufunga mpaka kufa ili kumwona Yesu, Paul Mackenzie, makaburi yasiyo na alama. Waliofukuliwa walizidi 400, wakiwemo watoto wengi. Fundi alikuwa na redio moja nzima kati ya zile zote, na ilikamata stesheni za Kenya usiku. Alisikiliza kila siku. Nilimshauri aizime, akasema anahesabu.

Kilichomuumiza haikuwa idadi tu. Habari ilikuwa kwa Kiswahili. Mashahidi walisema kwa Kiswahili, na zile sehemu za mahubiri zilizochezwa redioni zilikuwa kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri, chenye mpangilio, kama kile ninachowasahihishia wanafunzi wangu. Mahali pamoja duniani ambapo hakuwahi kuambiwa atubu, pameingiliwa. Mimi mwalimu wa lugha ile nilikaa naye nje kwenye beseni lililogeuzwa, sina neno la kumpa ambalo halijaguswa.

Tangu hapo akaacha vibao. Akaacha kutoka mchana. Usiku alizunguka kando ya reli akiokota, na ule ujia wa kupita kwa ubavu ukafungwa. Akawa anaingia kwa kupanda. Vitu vikatoka nje, vikafika chini ya dirisha la jirani mwenye watoto wadogo. Panya wakaja. Mtu asidhani majirani walikuwa wabaya. Kule tunapikia mkaa, nyaya za umeme zimefungwafungwa kwa mikono, na nyumba moja ikishika moto mstari mzima unakwenda. Fundi mwenyewe hakuwasha mshumaa hata siku moja, alichora kwa taa ya sola. Lakini karatasi zilizojazana hadi kwenye mabati hazichagui moto unatoka kwa nani. Mama mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuogopa. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, alikuja mara mbili. Wengine wakasema apelekwe Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Sasa najua kwamba hali hii ina jina. Madaktari wa akili wa Marekani waliiweka peke yake kwenye orodha ya maradhi mwaka 2013, na orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 nayo inayo: kulimbikiza vitu hadi mtu anashindwa kuishi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wanaolishughulikia jambo hili wanaonya kwamba kumsafishia mtu kwa nguvu humuumiza, na vitu hurudi. Lakini hayo niliyasoma nikiwa nimechelewa. Wakati ule nilikuwa rafiki mwenye huruma, na huruma isiyouliza ni kitu kibaya.

Tulikubaliana, mimi, mama mwenye nyumba na vijana sita wenye mkokoteni na pikapu ya kukodi. Nilimwambia Fundi kuna maonyesho ya nguo za gome Nakasero, twende tukaone, nitalipa boda. Alikubali kwa shida. Hakukuwa na maonyesho ya gome. Tulikuta picha za mandhari, akazitazama kwa adabu, akaniuliza mara mbili ya gome yako wapi. Nikasema labda wameyatoa jana. Nilinunua soda mbili, yangu na yake. Nilikuwa nimesahau kwamba hanywi soda. Alikaa ameishika mpaka ikapata moto mkononi, akanirudishia chupa, akaweka kizibo mfukoni.

Tulirudi saa kumi na moja. Vijana walikuwa wamefanya kazi nzuri, na hilo ndilo linalonichoma. Chumba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, kimepigwa maji ya dawa. Godoro limetandikwa shuka mpya aliyoitoa mama mwenye nyumba kwa moyo safi kabisa. Michoro ya gome walikuwa wameikunja vizuri kwenye kona, nilikuwa nimewaagiza. Na kwa kuwa walitaka kumalizia wema wao, walikuwa wameurudisha mlango. Hawakupata parafujo, wakazipigilia bawaba kwa misumari.

Mlango ulikuwa umefungwa tulipofika. Mama mwenye nyumba akaufungua, akitabasamu, akanyoosha mkono kama mtu anayemkaribisha bwana harusi.

Fundi hakupiga kelele. Alisimama kwenye kizingiti akatazama ndani, kisha akatazama bawaba. Akaninyooshea mkono, akakunja vidole viwili, akaugeuza kiganja. Sikuijua ishara ile na hajawahi kuniambia maana yake. Akageuka akaenda kulala relini.

Alilala kule usiku kumi na mmoja. Nilimfuata kila jioni na chapati. Hakusema neno, kwa lugha yoyote. Mtu wa miaka thelathini na tatu, ametanda nguo ya gome mabegani, anaangalia upande wa nyumba yake bila kupepesa macho. Nilidhani ana hasira nami. Nilidhani anaomboleza vitu vyake. Siku ya nane nilipiga magoti kwenye kokoto, nikamwomba msamaha kama mwanangu angeniomba mimi, nikalia. Akaniwekea mkono kichwani, lakini macho hayakutoka kule.

Siku ya kumi na mbili, alfajiri, alisema.

Alisema kwamba mwanzoni mwa Machi mwaka 2000 mama yake alikuja kwa Kaaka. Wakati ule waumini wengi walitumwa kuaga jamaa zao, ingawa hakuna aliyesema ni kuaga. Alikaa siku mbili. Alikuwa na chumba chake pale tangu usichana, Kaaka alimhifadhia: kitanda, sanduku la bati, sufuria mbili, picha ya harusi. Mama akavitoa vyote. Kitanda alikiuza sokoni kwa bei ya kuku. Sufuria alizigawa. Picha aliitia jikoni. Kisha akachukua ufagio, akafagia chumba kile mpaka pembeni, akanyunyiza maji vumbi lisiinuke, akafunga mlango polepole. Mtoto alikuwa uani anamwangalia. Alikuwa na miaka kumi. Mama alipotoka alimwonyesha kwa mikono: pazuri, sivyo?

Wiki mbili baadaye redio ikatangaza Kanungu.

"Kwa hiyo Mwalimu," akasema, kwa Kiswahili chake cha barabara, sauti imekauka, "nyumba ikishakuwa tupu, ikafagiliwa, mlango ukafungwa, mimi najua kinachofuata. Nilikuwa nangoja moto. Nimelala hapa niuone mapema, niamshe watoto wa jirani."

Nilikuwa nimefundisha watu maneno kwa miaka kumi na tano. Usafi. Nafasi. Mpangilio. Nilikuwa nimempa mtu huyu alama zote za kifo chake, na shuka mpya juu yake.

Nilimuuliza ya misumari, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiisaga kwa vidole muda wote, mitatu aliyoikuta relini. Akasema vichwa walihesabu, wakatofautiana, wakachoka. "Misumari ya ule mlango, nani aliihesabu?"

Siku hiyo sikwenda shule. Nilizunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, Kisenyi na Katwe, nikiwauliza kama wamepokea makopo ya misumari mikongwe. Walinitazama kama mtu aliyeibiwa akili. Mengi yalikuwa yameshamwagwa kwenye lundo, kwenye lori, yamekwenda kuyeyushwa. Katwe, kwa fundi mmoja anayetengeneza majiko, nikayakuta manne yamewekwa kando kwa sababu alitaka makopo, sio misumari. Nilimlipa shilingi elfu ishirini bila kubishana bei. Nilipanda boda nimeyakumbatia, kutu ikaingia kwenye shati, na dereva akaniuliza kama ni dawa.

Fundi alikaa chini akayamwaga moja moja, akaichambua misumari. Sijui alikuwa anatafuta nini. Alitenga michache, akarudisha mingine. Jirani mwenye watoto alileta uji. Hatukuzungumza habari ya vitu vingine vilivyopotea, na mpaka leo hajavitaja, ingawa vimeanza kurudi, madumu na mifuko ya saruji, na tumekubaliana na mama mwenye nyumba kwamba ujia utabaki wazi upana wa mtu mzima aliyebeba mtoto, na kwamba chini ya dirisha la jirani hapawekwi kitu. Mimi hupita Jumamosi na kupima kwa mikono yangu. Akizidisha tunasogeza pamoja, anachagua yeye. Mara nyingine hachagui, narudi nyumbani hivyo hivyo. Vibao bado hajarudia. Redio ameitoa betri, imewekwa pamoja na zile zilizokufa.

Lakini ile jioni ya makopo, jua lilipokaribia kuzama, alisimama akasema hataingia mpaka mlango utoke. Mama mwenye nyumba akaenda kwake akarudi na nyundo yenye kucha. Hakunipa mimi, alimpa yeye. Fundi aling'oa bawaba ya juu, mimi nikiwa nimeubeba mlango kwa bega usije ukamwangukia, kisha ya chini. Misumari kumi na miwili ya inchi mbili, mipya, bado inang'aa. Haikutaka kutoka. Aliitoa bila kuipinda hata mmoja, akaitia kwenye kopo la peke yake. Tukaulaza mlango juu ya matofali.

Mama mwenye nyumba akauliza, mvua ikija itakuwaje? Fundi akamjibu, kwa Kiluganda chake cha kubahatisha, kwamba kesho atatafuta turubai.